Nekesa, Mtoto Wako Nilimtoa Uwanjani

Nekesa rafiki yangu,

Ni mimi, Wangeci. Nimekaa hapa mtaa wa Fedha, kwenye meza yako ya chakula, chini ya dirisha lenye mapazia niliyokushonea mwenyewe mwaka mliohamia. Kila kitu humu ndani kilikuwa chako kabla hakijawa changu. Sufuria zako nazipikia. Mume wako ndiye mume wangu. Hata mlango una ile tabia ya kukwama mpaka uusukume kwa bega, na bega langu linauma, lako halikuwahi kuuma.

Kuna kitu nilimfanyia Nafula. Nimezunguka nacho muda mrefu, nimekiungama kwa walio hai, na sasa umebaki wewe.

Lakini kwanza habari. Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike kwenu Bungoma. Mama yako yu mzima, anapiga simu kila Jumapili akitoka kanisani, anauliza Nafula amekula nini, kisha anakata kabla sijamaliza kumjibu. Simiyu bado anafunga nyaya za stima kwenye majengo, siku hizi wanampeleka mbali, anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Nafula ana miaka kumi na moja. Amerefuka. Ana miguu yako, ile mirefu ya kuanzia kwapani kama tulivyokuwa tukikutania.

Mimi na Simiyu tulioana mwaka jana. Wako waliosema tulianza zamani, wewe ukiwa bado kitandani. Wewe ndiye shahidi wangu kwamba si kweli. Ni mimi niliyekuosha pale wodini saratani ya damu ilipokumaliza, miezi mitatu tu, wewe ambaye hata mafua yalikuwa yanakupita. Nilikushika mkono, ukawa mwepesi mpaka nikaogopa kuushika. Nililia kwa ukweli, Nekesa. Na katikati ya kulia kwa ukweli kulikuwa na sauti ndogo ndani yangu iliyosema, sasa tuko sawa. Nilitaka kujizaba kofi. Hiyo sauti haikwenda popote. Ilihamia nami hapa.

Unajua ilikoanzia, au labda hujui, maana aliye mbele hageuki kuangalia. Ilianzia Shauri Moyo, kwenye ule uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za kanjo, zile za halmashauri ya jiji. Wewe ulikuwa msichana mmoja kati ya wavulana wanne, baba yako yuko reli, mama yako akisema watoto wakimbie wachoke walale. Mimi nilikuwa wa kwanza kati ya watano. Mama alitoka kabla jua halijachomoza kwenda sokoni Gikomba kufungua marobota ya mitumba, na alipotoka aliniachia mtoto. Nilipokuwa na miaka minane nilimbeba Kamau. Kamau alipojua kutembea nikambeba Njeri. Kisha mwingine.

Nyinyi mlicheza kati. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka huku na huku, na walio katikati wanakwepa. Ukiwa katikati hakuna aliyekuweza. Mpira ulikuja moja kwa moja usoni na wewe ukaupinda mwili kidogo tu, kana kwamba umeitwa na mtu kando, ukapita. Mkimaliza kati mnaruka blada, kamba ya mpira iko kwenye vifundo, kisha magoti, kisha kiuno, kisha kwapa, na wewe peke yako ulifika kichwani. Mimi nilikuwa ukutani na mtoto mgongoni. Mlinipa kazi. "Wangeci, nishikie sweta." "Wangeci, chunga viatu." Nilijua jasho la kila msichana wa ploti yetu kwa harufu, na langu hawakulijua.

Siku moja tu niliingia. Tulikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alirudi mapema, akamchukua mtoto, na wewe ukanivuta mkono ukaniambia, "Leo huna kisingizio." Mpira wa kwanza ulinipata kifuani nikiwa bado natafuta ulikotokea. Wa pili nilijaribu kuukimbia, miguu ikapishana, nikaangukia mdomo. Wote walicheka. Wewe pia ulicheka, ukaniinua, ukanipangusa vumbi, ukasema, "Wee Wangeci unakimbia kama mtu amebeba ndoo kichwani."

Hukusema kwa ubaya. Nina hakika ulisahau kabla ya chakula cha jioni. Mimi sikurudi katikati tena. Sekondari, kila siku ya mazoezi nilikuwa na tumbo linaloniuma, mpaka mwalimu akaacha kuniuliza. Nikawa mkubwa nikawa fundi wa mapazia Eastleigh, nikakaa kwenye stuli mbele ya cherehani kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na nilishukuru kupata kazi ambayo mtu anaifanya amekaa. Wewe ukawa mama, ukazaa, na mwezi wa tatu baada ya kuzaa ulikuwa uwanjani unapiga voliboli na wanawake wa Fedha. Ulinialika. "Si ukuje tu Jumamosi, utoe jasho kidogo." Kila Jumamosi nilikuwa na mteja. Hakukuwa na mteja, Nekesa.

Sasa mwaka jana, miezi michache baada ya harusi, presha ilinipanda na magoti yakaanza kuvimba. Kliniki wakanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, msichana mdogo, nywele fupi. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja. Nilishika meza. Akanirushia kipira kidogo cha sponji nikishike. Nilifumba macho, kikanigonga kwenye paji la uso kikaanguka.

Akaniuliza, "Mama, ulipokuwa mtoto ulikuwa unacheza mchezo gani?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nabeba watoto."

Hakucheka. Alikaa chini karibu nami akanieleza polepole. Alisema mtoto akijifunza kuruka, kurusha, kudaka na kusimama sawasawa, mwili wake unakua ukiviamini vitu hivyo, na akiwa mtu mzima akiona mpira au ngazi au barabara ya kukimbia haogopi, anaingia tu. Asiyejifunza huona haya. Akiona haya anakaa kando, akikaa kando mwili unazidi kuwa mgeni, na miaka ikipita anasema yeye si mtu wa michezo, kumbe hakupewa nafasi ya kuwa. Kisha akasema sijachelewa, itanichukua muda mrefu tu kuliko wengine.

Mtu mwingine angetoka pale na matumaini. Mimi nilitoka na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yako. Nilitembea kutoka kliniki nikikuona kwenye ule uwanja, ukiruka, ukila utoto kwa mikono miwili, na mimi nimekushikia sweta. Najua si wewe uliyenipa mtoto mgongoni. Mwenye wivu hatafuti mwenye makosa, anatafuta mwenye raha.

Jumamosi iliyofuata Simiyu aliniomba tumpeleke Nafula mazoezini. Tangu ufe, Kocha Achieng ndiye anawafunza wasichana wadogo pale ulipokuwa unacheza. Unamkumbuka, alikuwa anapiga upande wa kushoto katika timu yenu, sauti kama kengele. Tukasimama kando ya waya. Zamu ya Nafula kuanzisha mpira ikafika. Akaudunda mara mbili, akautoa ulimi kidogo kwenye kona ya mdomo, akaurusha juu, na mkono wake ukapanda. Nekesa, ulikuwa wewe. Haukuwa mfano wako wala kivuli chako. Ulikuwa wewe mwenyewe, na huo ulimi.

Nikamgeukia Simiyu nimwambie kitu. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Mimi sijawahi kuangaliwa na mtu kwa uso ule. Nimempikia, nimemfulia, nimeugua mbele yake, nimevaa nguo mpya ya Pasaka nikapita mbele yake mara tatu. Ule uso alikuwa ameuweka kwa ajili ya mtu aliye chini ya udongo, na mtu huyo alikuwa anarudi kila Jumamosi saa mbili asubuhi kupitia mwili wa mtoto ninayemchana nywele.

Mwezi uliofuata, shule zilipofunguliwa, Kocha Achieng aliandika kwenye simu yangu, kwa sababu Simiyu alikuwa safarini. Aliandika kwamba msimu unaanza, Nafula amechaguliwa kwenye timu, aletwe Jumamosi. Nilikuwa dukani, nimekaa na pazia la mtu magotini. Nikajibu, "Nafula hatakuja tena. Masomo yamekuwa mengi." Kisha nikafuta ujumbe wote, wake na wangu.

Jioni Nafula aliniuliza, "Anti, kocha alisema tunaanza lini?"

"Amesema watoto ni wengi msimu huu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Alisimama pale mlangoni na sare ya shule akinitazama, si kwa kushuku, alikuwa anasubiri tu niongeze neno. Kisha akaenda kuvua viatu.

Simiyu aliporudi nilimwambia mtoto amechoka na mpira, ni umri, wasichana hubadilika. Aliniamini. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma zaidi, jinsi ilivyokuwa rahisi.

Ilipita miezi saba. Mwanzoni alirusha mpira ukutani huku chini ya ngazi, jirani wa chini akalalamika, akaacha. Akaanza kukaa. Ulimjua akiwa hawezi kukaa, alikuwa anakula chakula amesimama. Sasa akirudi shuleni alikuwa anajikunja kwenye kiti na simu ya baba yake ya zamani mpaka nimwite kula. Akaanza kuvaa sweta kubwa hata jua likiwaka. Siku moja akaleta barua kutoka shule kwamba hashiriki michezo, kila mara anasema tumbo linamuuma.

Niliisoma hiyo barua mara mbili nikaikunja. Nilijiambia watoto wote wana tumbo.

Kisha ikafika siku moja ya mwezi wa nane, likizo. Nilikuwa naanika nguo kwenye roshani. Chini, wasichana wa ploti walikuwa wanagawana timu za kati, wamepungukiwa na mmoja. Wakamwita Nafula, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi. "Nafu, ingia, tuwe sare." Nilimwona anatikisa kichwa. "Siwezi. Mimi sijui kucheza." Mmoja akasema, "Wacha mchezo, wewe si ndio ulikuwa unatumaliza?" Nafula akanyoosha mkono akasema, "Leteni sweta niwashikie."

Wakampa. Sweta tatu. Akaziweka magotini, akaziegemezea kidevu, akawatazama.

Nguo niliyoshika ilianguka chini kwa jirani. Nilikuwa nimemfanya mimi. Si binti yako niliyemwona pale, wala si wewe. Nilikuwa nimefanikiwa, Nekesa. Nilikuwa nimekuondoa kabisa katika mwili wa mtoto wako na mahali pako nikajiweka mimi, na huyo mtu niliyemweka hata mimi sijawahi kumpenda.

Nilishuka. Magoti yalinisumbua kwenye zile ngazi lakini nilishuka. Nikakaa kando yake kwenye simenti na kumwambia, "Kocha hakusema watoto ni wengi. Alikuchagua. Ni mimi niliyekataa."

Hakugeuka. Akauliza, "Kwa nini?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nani? Wangu?"

"Wa mama yako."

Sasa akageuka. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa vibaya. Akasema, "Lakini mama alikufa."

Alizirudisha zile sweta kwa wenyewe, moja moja, akapanda juu na kufunga mlango wa chumba chake.

Siku nne hakusema nami. Alikula, aliosha sahani yake, alipita. Ijumaa Simiyu alifika, na kabla hajaweka mkoba chini nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa sitamaliza. Nilitarajia apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alikaa akashika kichwa, akasema, "Wangeci, Nekesa hakumwachia huyu mtoto nyumba wala shamba. Alimwachia mchezo huo." Kisha akaongeza, na hapa ndipo nilipolia, "Na mimi ningetaka kujua unaumia. Kwa nini hukuniambia unaumia?" Tuliongea. Mengine si ya kukuandikia wewe, utanisamehe. Yatabaki yetu.

Jumamosi asubuhi nilimpeleka Nafula uwanjani mwenyewe. Alitembea hatua tano mbele yangu njia nzima. Kocha Achieng alinisikiliza mikono ikiwa kiunoni, wale wasichana wote wanaangalia. Nilidhani atanifukuza. Alisema, "Miezi saba si kitu, mikono yake bado inajua. Kilichoingia baridi ni moyo." Akamwita Nafula, akampa mpira, akamwambia azunguke uwanja. Kisha akanigeukia. "Na wewe usikae kwa hicho kiti. Saa nne akina mama wanacheza. Baki."

"Mimi sijui."

"Nimeona vile unatembea. Najua hujui. Baki."

Nilibaki. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu Nafula alikuwa anaangalia, na nilifikiri nikiaibika mbele yake itakuwa namna ya kulipa.

Niliaibika vizuri. Wanawake sita wa timu yako ya zamani, wenye miaka yangu na wengine wamenizidi, wanaruka kama wamekanyaga makaa. Mpira wa kwanza ulinipita. Wa pili ulinigonga pua nikaona nyota. Mmoja wao, yule mwenye mwanya, akasema bila kufikiri, "Huo Nekesa angeushika kwa mkono mmoja." Akaziba mdomo. Uwanja mzima ulikuwa na wewe, Nekesa, na nilikuchukia pale pale, na pua inatoka damu.

Nilianza kuondoka. Nilikuwa nimefika kwenye waya.

"Anti, unafunga macho."

Ilikuwa sauti ya Nafula. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu zile ngazi. Alikuwa amesimama na mpira kiunoni, hajatabasamu, amekunja uso kama fundi anayeangalia kazi iliyoharibiwa na mwenzake. "Unafunga macho kabla mpira haujafika. Hakuna mtu anaweza kushika kitu haoni. Simama hapo."

Nikasimama. Akaja hatua mbili kutoka kwangu akanirushia mpira polepole, kama unavyomrushia mtoto wa miaka mitatu. Nikaudaka kwa kifua na mikono yote miwili. Akarudi nyuma hatua moja. Nikaudaka. Akarudi hatua nyingine. Ukaanguka. "Umefunga tena," akasema. Tukaanza upya. Wale wanawake waliendelea na mchezo wao, sisi tukabaki pembeni, mpaka jua likawa kali na mikono yangu ikachoka. Nilikuwa na miaka arobaini, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kunifundisha kudaka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Sasa tuko mwezi wa kumi na moja. Nafula yuko kwenye timu. Alianza kwa woga, akapoteza mipira, siku mbili alirudi analia, kisha wiki ya tatu mkono ukapanda tena na ulimi ukatoka. Simiyu akauvaa ule uso. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Iliniuma. Naona itaniuma mpaka nizeeke. Tofauti ni kwamba sasa najua maumivu hayo ni yangu kuyabeba, si ya mtoto.

Mimi nacheza na akina mama. Kucheza ni neno kubwa. Nasimama nyuma, nadaka mipira inayonijia moja kwa moja, nakosa mingine. Dada wa kliniki amesema presha imeshuka kidogo. Kusimama kwa mguu mmoja naweza nikihesabu mpaka kumi na tano, wa kulia. Wa kushoto hatuongei juu yake.

Lakini nilichotaka hasa kukuambia ni cha Jumamosi iliyopita, na ndicho kilichonifanya nitafute karatasi.

Tulikuwa tunarudi, Nafula na mimi, tumenunua mahindi ya kuchoma. Siku nzima watu walikuwa wamemwambia vile wewe ulivyokuwa. Mama yako alikuwa anaruka hivi. Mama yako hakuwa anachoka. Mama yako hakuwahi kushindwa. Alikuwa kimya, anatafuna. Kisha akaniuliza, "Anti, kuna kitu mama alikuwa hajui?"

Nilisimama barabarani. Nekesa, hakuna mtu duniani aliyefaa kuulizwa swali hilo kuliko mimi. Simiyu hawezi, anakupenda. Mama yako hawezi. Lakini mimi nimekutazama kutoka ukutani miaka yote nikikusanya makosa yako moja moja, nikiyaficha, nikiyatoa usiku ninaposhindwa kulala ili nijisikie nafuu. Nilikuwa nayo yote. Sikujua yangekuja kuwa na kazi.

Nikamwambia juu ya baiskeli.

Najua uliniapisha. Najua ulisema ukisikia nimemwambia mtu utanimaliza. Lakini nilimwambia. Nilimwambia vile ulichukua baiskeli ya yule jirani aliyekuwa anauza mkate, ukasema hakuna kitu hapo, ni kukaa tu na kukanyaga, na vile ulikwenda moja kwa moja kama umetumwa, ukapiga kelele "Wangeci, breki iko wapi?" ukaingia ndani ya mtaro ule wa nyuma ya choo cha ploti, mwili wote, na sketi, na mikate minne. Vile nilivyokuvuta kwa kwapa. Vile ulivyonuka. Vile ulivyosema hutapanda baiskeli tena maisha yako yote, na hukupanda.

Nafula alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara. Alicheka mpaka hindi lake likaanguka. Kisha kicheko kikawa kilio, kisha kikawa kicheko tena, na akaniegemea, uzito wote, kichwa hapa kwenye bega bovu. Akasema, "Endelea. Nini kingine?" Nikamwambia hukuweza kupiga mluzi. Nikamwambia uliogopa mbuzi. Tulifika nyumbani tukiwa bado tunaongea juu yako, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimesimama nje ya mazungumzo hayo. Nilikuwa mimi ndiye mwenye hadithi.

Kwenye mlango akaniuliza kama mimi ninajua baiskeli. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui.

Basi ndiyo hivyo. Hapa nyuma ya duka la maziwa kuna kijana anayekodisha baiskeli kwa saa. Jumapili mchana, baada ya kanisa, mimi na Nafula tutakwenda kuchukua mbili. Simiyu amesema atatushikia kwa nyuma, mmoja mmoja. Nakuahidi Jumamosi hazitapotea tena, mkono ule utapanda hata siku ambazo siwezi kuuangalia. Na nakuahidi kumpa makosa yako yote, pole pole, asije akakua akidhani alizaliwa na malaika.

Na kitu kimoja cha mwisho, useme ni kiburi ukitaka. Nataka nijue kuendesha baiskeli kabla yake. Hata kwa siku moja. Huko ulikoishia mtaroni, mimi nataka kupita.

Lala salama, Nekesa wangu.

Wangeci